Jiko Linalojilisha Lenyewe

Jumamosi, 8 Agosti

Alhamdulillahi, limefika. Wanaume wawili walilishusha garini, kisha wote wawili wakakaa chini kupumua. Jiko la kuchomea nyama! Jeusi, lina magurudumu mawili na miguu miwili, na ni kubwa kupita kabati langu la vitabu. Ni zawadi ya mwanangu aliye ughaibuni. Halitaki mkaa, wala kuni, wala gesi. Linakula chembe, yaani vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, unene wa penseli, urefu wa ukucha. Unazimimina katika tangi la ubavuni. Chini ya tangi ipo parafujo ndefu inayozungushwa na umeme, nayo huzisukuma chembe kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto. Feni inapuliza. Kioo kidogo kinaonyesha joto. Mwanadamu hana kazi ila kungoja.

Limekuja kwa wakati wake. Kwa miaka kumi na moja mimi ndiye msimamizi wa jiko la msikiti, ambapo kila Ijumaa baada ya sala tunawalisha wasafiri na wasiojiweza. Tangu sauti iliponikimbia na darasa langu kukabidhiwa walimu vijana, upawa wa kugawia chakula ndio kitu pekee nikionekana nacho watu hunisogelea. Sasa yupo anayeutaka. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva mstaafu wa malori, aliyechoma nyama kando ya barabara miaka thelathini na anadhani hiyo ni elimu. Leo baada ya alasiri aliniuliza mbele ya watu kama chakula changu cha Ijumaa iliyopita kilikuwa cha mchana ule au cha kesho yake. Watu walicheka. Imamu naye alicheka, akajuta, kisha akacheka tena.

Imamu ameamua. Ijumaa ijayo kila mmoja wetu achome kuku ishirini. Kamati ya msikiti itaonja. Mshindi ndiye msimamizi.

Nilisimama. Nikatangaza kwa utulivu kwamba jiko langu jipya hujilisha lenyewe. Kwamba mimi nitakuwa safu ya kwanza nikisikiliza hotuba, ilhali mwenzangu atakuwa nje akipepea makaa. Na kwamba nikitoka, kuku watakuwa tayari. Shemeji akasema lori lake la kwanza nalo lilikuwa likijiendesha lenyewe, hasa kwenye mteremko.

Nikaondoka. Hekima.

Jumapili, 9 Agosti

Siku ya kusoma na siku ya baraka.

Kitabu cha maelekezo kina lugha tisa, mojawapo Kiarabu. Nimefurahi mno. Vijana hurukia michoro, ndiyo maana hawajui kitu. Mimi nimeanza mwanzo, nikiwa na udhu, kalamu na kamusi. Ukurasa wa kwanza unamshukuru mnunuzi. Nimeutafakari hadi adhuhuri. Mnunuzi ni mwanangu, lakini msomaji ni mimi. Basi anayeshukuriwa ni nani? Nimeandika pambizoni kauli tatu na kuipa nguvu ya pili.

Baada ya chakula nilifungua gunia la kwanza la chembe. Yapo mawili. Nilitia mkono, ukatoka kama wa fundi mwashi. Vumbi tupu! Chochote kiingiacho katika jiko la msikiti huoshwa mara tatu. Hiyo ndiyo kanuni yangu tangu siku ya kwanza, nami sijaivunja kwa mchele, kwa sufuria, wala kwa mpishi. Nikateka maji.

Mke wangu alisimama mlangoni akauliza tangu lini kuni zikaogeshwa. Nilimweleza kwamba hizi si kuni. Akauliza kama nitazikata na kucha pia, au nazo zinasubiri Ijumaa. Nilimwomba arudi ndani.

Na sasa lililo kubwa. Zimeongezeka! Niliosha ndoo moja. Nikatoa ndoo tatu. Kila nilipogeuza mgongo ziliumuka kama unga uliotiwa hamira, laini, nono, zenye rangi ya maziwa ya chai. Mimi si mtu wa kukimbilia kusema karama. Lakini nilihesabu ndoo mara mbili. Gunia la pili nimeliacha kavu kwa kuwa ndoo zimekwisha, na pia si adabu kutaka kila kitu kwa siku moja.

Nimezianika uani juu ya mkeka. Mke wangu anasema mkeka ule ulikuwa wa wageni.

Jumatatu, 10 Agosti

Chembe zimekauka juu. Ndani bado zina ubaridi wa kupendeza. Umbo lake la penseli limepotea, zimekuwa kama ugali wa jana uliovunjwavunjwa, lakini nani alisema umbo ni sharti? Nilizishindilia tangini kwa mwiko, nikasema bismillahi, nikabonyeza swichi.

Feni ikalia vizuri. Parafujo ikaanza kuzunguka. Ikazunguka. Ikaguna kama mzee anayeinuka kutoka sakafuni. Ikanyamaza. Kioo kikaandika herufi mbili nisizozifahamu. Nilidhani ni salamu, nikangoja. Hakikuongeza neno.

Nikarudi kitabuni. Niko ukurasa wa nne, unaohusu namna ya kulitoa jiko katika boksi lake. Boksi limekwisha tupwa, lakini sitaruka. Elimu ina ngazi.

Nimetafakari chanzo cha kukwama. Nimepata kimoja tu. Husuda.

Na aliyehusudu akatokea papo hapo! Shemeji alibisha hodi, eti amepita kumsalimu dada yake. Nililitupia jiko shuka la kitanda kwa haraka. Aliingia uani, akalitazama lile shuka lenye maua, limevimba katikati, miguu imetokeza. Akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini marehemu ni nani na maziko ni saa ngapi. Nilimwambia ni vitabu. Akasema innalillahi, basi vimekufa vikiwa vimesimama. Mke wangu alikuwa jikoni. Nilisikia sufuria ikianguka, kisha kicheko cha mtu aliyejiziba mdomo kwa khanga.

Hawa wawili walilelewa nyumba moja. Inaonekana.

Jumanne, 11 Agosti

Siku ngumu. Nimefanya kila linalowezekana, na jiko limezidi kuharibika kila nilipofanya.

Kwanza nilitia waya wa kutundikia nguo ndani ya tundu. Waya umebaki humo. Kisha nilichukua mchi wa kinu na kuzisukuma chembe kutoka juu, kwa upole, halafu bila upole. Kisha nilishika ncha ya parafujo kwa koleo na kuizungusha kwa nguvu za ujana wangu. Kitu kikalia tak! Pini ndogo imekatika vipande viwili. Nimevihifadhi ndani ya leso.

Nikapiga moyo konde nikamwita Fundi. Ni mwanamke wa makamo, hutengeneza friji na majiko ya gesi, na alikuwa mwanafunzi wangu chuoni miaka mingi iliyopita. Nilimwagiza kwa simu aje kwa siri, apitie mlango wa nyuma, na afiche vyombo vyake ndani ya kapu la mboga. Alikuja kwa pikipiki yenye king'ora, akasimama mbele ya nyumba, akapaza sauti: shikamoo Maalim, nimekujia lile jiko lililokwama!

Alichungulia tangini. Akachota kidogo kwa kidole, akanusa. Akauliza kwa heshima zote kama nimezipika au nimeziogesha. Nilimweleza kanuni ya kuosha mara tatu. Kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto herufi ya kwanza, kwamba chembe ni unga wa mbao tu ulioshikana kwa kushindiliwa, na kwamba adui yake ni maji; zikilowa zinarudi kuwa unga, na unga ukikauka ndani ya bomba unakuwa zege. Kitabu kimeandika hivyo, akasema. Ukurasa wa tisa.

Nilimjibu kwamba sijafika huko.

Aliing'oa parafujo nzima pamoja na bomba lake na zege ndani, akaibeba begani, akapanda pikipiki. Alipita nayo mbele ya kibaraza cha shemeji. Shemeji, mwenye miaka thelathini ya kutambaa chini ya malori, aliitazama na kuuliza kwa sauti ya mtaa mzima gari la nani limeangusha propela.

Siku tatu zimebaki. Usiniulize nimelalaje mchana huu.

Jumatano, 12 Agosti

Furaha! Fundi amerudi. Parafujo inang'aa kama kijiko kipya. Ameifunga, ametia pini mpya, amenirudishia waya wangu wa nguo ukiwa na umbo la kamba ya kiatu, na amefungua gunia la pili lililo kavu. Jiko likawaka! Dakika kumi, moshi mweupe. Kisha moshi mwembamba wa buluu. Kisha joto likapanda na kutulia pale pale nilipoliagiza. Tulichoma kuku mmoja wa majaribio. Ngozi kahawia, nyama inaachia mfupa wenyewe. Mke wangu alikula paja, akanyamaza, akala la pili. Katika ndoa ya miaka arobaini na mbili hiyo ni hotuba.

Fundi alinipa maelekezo manne. Nilichukua daftari. La kwanza, chembe zikae pakavu daima. Nikaandika. La pili, majivu yaondolewe katika kikombe cha moto kabla ya kuwasha, kwa brashi au mashine ya kufyonza vumbi, kwani majivu yakijaa moto hukosa hewa. Nikaandika. La tatu lilihusu tangi. Kitu kuhusu chembe kujishikilia pembeni na kuacha shimo katikati, kwa hiyo lazima mtu akae karibu azikoroge kila baada ya muda. Hapo nilifunga daftari. Mtu akae karibu! Nimetangaza mbele ya msikiti mzima kwamba jiko hili halihitaji mlinzi. La nne alilieleza akiwa anapanda pikipiki: moto ukizimika, usibonyeze kuwasha kabla ya kukimwaga kikombe. Au alisema kukijaza. Nimelihifadhi kichwani.

Aliniuliza kama nimeelewa. Nilimkumbusha ni nani aliyemfundisha kusoma.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimepata wazo. Nimelipata baada ya alfajiri, kichwa kikiwa safi, kwa hiyo haliwezi kuwa wazo baya.

Makaa yanataka mtu. Aondolewe mtu, makaa yanakufa. Basi nilimwendea Imamu, nikamweleza kwa ikhlasi kwamba shemeji yangu ni mtu wa makamo na wa heshima, na si vyema akose hotuba ya Ijumaa kwa ajili ya kuku. Apewe nafasi safu ya kwanza, ubavuni kwangu. Imamu alinishika mikono miwili. Machozi yalimlengalenga. Alisema tangu azaliwe hajaona mshindani mwenye moyo kama huu, na kwamba ataitaja habari hii katika hotuba. Nami nilikaribia kulia. Kisha nikaingiwa na baridi kidogo shingoni, nikaaga.

Nimejihoji: je, hii ni hila? Nimepima pande zote. Nimemtakia mtu safu ya kwanza. Hila gani humpeleka mtu mbele?

Jioni shemeji alikuja mwenyewe. Hakutania hata kidogo. Alinishukuru kwa mikono miwili, akasema alikuwa akinidhania vibaya, na kwamba nisiwe na wasiwasi wowote, amekwisha kupata mtu wa kumwangalizia makaa. Sikuuliza ni nani. Mtaani hapa hakuna anayejua makaa ila yeye. Labda amepata mtoto wa jirani atakayeyazima kwa kuyapenda mno.

Mke wangu anapiga pasi aproni. Nimemuuliza ya nini. Amesema aproni ikikunjamana haipendezi.

Kweli kabisa.

Ijumaa, 14 Agosti

Naandika nikiwa bado nanukia moshi. Ndevu za upande wa kushoto sitazitaja kwa sasa.

Nitaeleza kwa mpangilio. Jiko lilipelekwa uani msikitini kwa mkokoteni. Nilifyonza majivu. Nilijaza chembe kavu hadi ukingoni. Niliwasha. Likatulia kwenye joto lake, moshi wa buluu, feni ikiimba. Nilipanga kuku ishirini safu kwa safu kama wanafunzi. Hatua kumi kutoka hapo shemeji alikuwa ameinamia nusu pipa lake lililotobolewa matundu, uso mwekundu, anapuliza. Adhana ya kwanza. Nikafunga kifuniko, nikanawa mikono, nikamgeukia nikamwambia twende zetu, ndugu yangu, safu ya kwanza. Akainuka. Tukaingia bega kwa bega. Watu walitutazama. Sijapata kujisikia mwepesi vile tangu nilipokuwa nikifundisha.

Hotuba ilikuwa juu ya kumpendelea mwenzako kheri. Imamu hakututaja majina, ila alitutazama mno. Shemeji alijifuta macho. Mimi nilitazama mkeka.

Tulitoka. Shemeji alikwenda upande wake, mimi wangu. Nilifungua kifuniko mbele ya kamati.

Kuku walikuwa weupe. Weupe kama nilivyowaacha! Wengine nadhani walikuwa weupe zaidi. Kioo kilionyesha joto la chai iliyosahauliwa. Nilichungulia tangini. Katikati palikuwa na shimo la duara hadi chini, na pembeni chembe zimesimama kama kuta za kisima, hakuna hata moja iliyoshuka. Parafujo ilikuwa ikizunguka kwa uaminifu mkubwa, ikisukuma hewa. Hapo lile neno la tatu la Fundi likanirudia, lote, pamoja na sauti yake.

Wasafiri walikuwa wamekwisha kaa. Mzee mmoja aliyetembea tangu asubuhi alikuwa ameshika sahani yake kwa mikono miwili, akinitazama mimi tu.

Niliogopa. Naliandika kwa kuwa hili daftari ni langu peke yangu. Niliogopa kwamba nitamrudishia mtu yule sahani tupu.

Nikazipiga chembe kwa ngumi, zikaanguka. Nikabonyeza kuwasha. Na kwa kuwa Fundi alisema kikombe kijazwe, nikakijaza, nikibonyeza kitufe cha kulisha tena na tena, na kwa mkono mwingine nikitupia konzi mbili za ziada kwa nia njema. Moshi ukaanza. Haukuwa wa buluu. Ulikuwa wa manjano, mzito, unaotoka kila tundu. Mtu alipaza sauti kutoka upande wa wanawake: Maalim, usifungue kifuniko! Alikuwa Fundi. Alikuwa akikimbia.

Nikafungua kifuniko.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu mnene anayeketi ghafla kwenye kochi. Mwali ukatoka, ukanisalimu, ukarudi ndani. Masizi yakapaa, yakatafakari, yakashuka juu ya kilemba cheupe cha Imamu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mola, isipokuwa ndevu zangu na heshima yangu. Kuku walikuwa sasa weusi nje na weupe ndani. Fundi alininyang'anya chembe nilizokuwa nimeshika mkononi, akanisukuma kando, akafunga kifuniko, akaiacha feni ipulize hadi moto ulipotulia. Aliniambia kikombe humwagwa, Maalim. Kukimwaga. Shemeji alikuja na maji, akauliza kama nimeamua kujichoma na mimi pamoja na kuku. Kisha akauona uso wangu, akanifuta kwa leso yake.

Ndipo nilipogeuka na kuona nani yuko kwenye makaa.

Aproni imepigwa pasi. Mikono ya gauni imekunjwa. Anageuza kuku ishirini wa kaka yake kwa koleo moja bila haraka, wamekuwa rangi ya shaba. Mke wangu! Alikuwa hapo muda wote wa hotuba. Alinyoosha koleo kuelekea kwangu. Nilidhani ananitisha. Akasema lete na hao wako, wape nusu saa. Nikampelekea, mmoja mmoja. Aliwakwangua masizi, akawakata vipande, akawapanga pembeni mwa makaa. Wote walikula. Mzee wa sahani alikula mara mbili.

Kamati inakutana kesho. Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 15 Agosti

Kamati ilikaa baada ya alasiri. Nilivaa kanzu yangu nzuri na kunyoa upande wa kulia ili usawa upatikane.

Imamu alitangaza kwamba kuku wa shemeji ndio walioshinda, bila ya ubishi. Moyo wangu ulishuka hadi viatuni. Nilikwisha kuuchukua upawa nyumbani, nikauleta umefungwa kitambaani. Nilinyanyuka kumkabidhi.

Shemeji angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angeuliza. Lakini alisimama, akasema yeye aliwasha makaa tu. Aliyechoma ni dada yake, na kama ni haki basi upawa si wake. Kisha akaongeza kwamba anamshukuru Maalim kwa kumpatia safu ya kwanza, maana bila hivyo asingemwomba dada, na watu wangekula kuku wagumu kama mpira.

Imamu akamwita mke wangu, akamuuliza amejifunzia wapi. Akajibu kuwa amejifunzia hapa hapa msikitini, miaka kumi na moja, ila aproni alikuwa akiivaa mtu mwingine. Ukumbi ukavunjika mbavu. Nilitaka kueleza kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisimamia. Nikafikiri. Kwa kweli nilikuwa nikisimama.

Wamemteua yeye. Kwa kauli moja.

Nilimpelekea upawa. Alikifungua kitambaa, akautazama, akaupima mkononi. Kisha akanirudishia. Alisema kupika atapika yeye, lakini mlangoni anataka mimi, kwa kuwa wasafiri wanapenda kuulizwa walikotoka na wazazi wao hali gani, na yeye hana subira ya hadithi ndefu. Kila Ijumaa. Kila sahani ipite kwangu.

Nilijifanya nina vumbi jichoni. Yeye akasema hilo jiko jeusi Fundi amelisafisha na litatumika, ila kwa sharti moja, nalo mbele ya kamati nzima ili nisije nikakataa baadaye. Nisiliguse. Si swichi, si tangi, si kifuniko. Kuligusa ni marufuku. Shemeji aliomba liandikwe ukutani. Likaandikwa.

Nimekubali kwa moyo mmoja.

Jumapili, 16 Agosti

Siku njema, hewa safi. Nimetafakari yote kwa utulivu, nami naona jambo limekwenda vizuri kupita nilivyopanga. Msimamizi wa jiko ni mke wangu. Kiongozi wa nyumba yangu ni mimi. Basi nani anamsimamia msimamizi? Hesabu ni nyepesi. Nimepandishwa cheo! Nimemweleza hivyo wakati wa chai. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Furaha yake imenifurahisha.

Shemeji alipita. Sasa tu marafiki wakubwa. Aliniambia kwamba Jumatano dada yake alimpelekea kipande cha yule kuku wa majaribio, na kilikosa kitu kimoja tu: harufu. Makaa yana harufu, chembe hazina. Nimekaa na maneno yake tangu asubuhi. Mtu huyu hana elimu, lakini ana pua.

Mchana nilikwenda sokoni. Kumbe vijiti vya mdalasini vina unene uleule wa penseli! Urefu unakatika kwa mkasi. Nimenunua kilo mbili. Muuzaji aliniuliza ni wali wa watu wangapi. Nilimwambia asijali, ni wa mashine.

Kuhusu lile sharti, nimelichunguza kama inavyostahili sharti lolote, neno kwa neno. Imeandikwa ukutani, herufi kubwa: MAALIM ASILIGUSE. Kugusa, katika kila kamusi niliyonayo, ni kwa kiungo cha mwili. Hakuna palipotajwa chombo. Nimenunua pia faneli, na fimbo ya shaba ya kufungulia kifuniko kutoka mbali, urefu wa hatua mbili.

Mke wangu amekwenda kwa kaka yake. Fundi yuko kazini. Ufunguo wa jiko la msikiti unaning'inia pale pale kwenye msumari.

Nimetia udhu. Nakwenda.